Mlango Ambao Hakuna Aliyeugonga

Ísleifur alikuwa mwana wa Brandur, Brandur mwana wa Eyvindur, Eyvindur mwana wa Ketill, na wote walizaliwa, wakaishi na wakazikwa Grafargil, shamba lililo chini ya mlima kaskazini mwa Iceland. Brandur alishika funguo za kanisa mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Eyvindur ndiye majirani waliyemwita walipogombania mpaka, kabla ya kumfikiria hakimu. Akisema jiwe liko hapa, jiwe lilibaki hapo. Ketill hakuacha mali wala cheo. Aliacha neno moja alilolitamka mlangoni pa mjane, na neno hilo halijatiliwa shaka na mtu yeyote katika bonde lile tangu siku hiyo. Ísleifur mwenyewe alifundisha historia katika shule ya wilaya hadi alipostaafu, na hakuna mwanafunzi wake aliyeruhusiwa kuandika “inasemekana” bila kuulizwa ni nani aliyesema.

Ndiyo maana mjukuu wake Sólrún alipompelekea podikasti za historia ili azilinganishe, alilipokea ombi hilo kama alivyokuwa akipokea mitihani ya kusahihisha. Sólrún alikuwa na podikasti yake mjini Reykjavík, akiiendesha pamoja na kijana mmoja aitwaye Örvar. Kipindi chao kipya, ambacho kingetoka Ijumaa, kilihusu dhoruba iliyomuua, enzi za Ketill, Oddur wa Hvammsnes, shamba la jirani ng’ambo ya mto.

“Sikiliza za wenzetu kwanza, babu,” alimwambia kwa simu. “Halafu yetu. Jumatano tutakuja utuambie ukweli. Usinionee huruma.”

“Lini nimewahi?” akauliza babu.

Alizisikiliza jikoni, amekaa wima kama aliye kanisani. Ya kwanza ilikuwa ya wanaume wawili waliocheka. Walicheka kabla ya kuanza, wakacheka juu ya walichokula asubuhi, na walipofikia mwaka wa njaa, watu walipotafuna ngozi za viatu vyao, mmoja akasema bora hizo kuliko chakula cha mama mkwe wake. Kati ya kifo cha mama na kifo cha mtoto wake waliingiza tangazo la magodoro. Ísleifur alisukuma kikombe chake kando, kama mtu aliyeuma kitumbua akakuta unywele ndani yake.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke aliyenong’ona. Kila sentensi yake ilianza na “fikiria”: fikiria wewe ni mtumwa, fikiria wewe ni mchawi, fikiria moto unakugusa miguu, na fidla ikilia nyuma yake kama paka aliyefungiwa nje. Mzee hakutaka kufikiria kwamba yeye ni mchawi. Alitaka kujua mwanamke aliyechomwa aliitwa nani na alikuwa binti wa nani, na hilo hakuambiwa. Ya tatu, ya daktari wa mifugo kutoka mashariki, ilikuwa na kila jina na kila shamba mahali pake. Lakini bwana yule alisoma akimeza maneno, kama mtu anayehesabu kondoo katika zizi la jirani na kutamani kwenda nyumbani. Hakumsamehe huyo pia. Kuwa na ukweli mkononi na kuuacha upoe kama uji ni uvivu, na uvivu darasani kwake ulikuwa na alama yake.

Kisha akaifungua ya mjukuu wake. Sauti ya Sólrún ilitoka safi, pana, bila haraka, ikiweka uzito palipostahili uzito. Alimtaja Oddur, akamtaja baba yake, akataja mto na upande uliotoka upepo. Mzee alijikuta akitikisa kichwa kwa kuridhika. Huyu, alijiambia, ni wa kwetu.

Ndipo upepo wa mashine ukavuma, ngoma ikapigwa chini kwa chini, na kikasikika kishindo cha ngumi juu ya mbao. Ngo. Ngo. Ngo. Sauti ya Örvar ikaingia: “Ndani, watu wa Grafargil wakatazamana. Walisikia. Je, wangefungua?” Kisha tangazo la soksi.

Ísleifur aliizima. Alinawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu kichafu.

Katika mashamba yale ya zamani, penye nyumba zilizojengwa kwa matabaka ya udongo na nyasi, hakuna aliye hai aliyegonga mlango baada ya giza kuingia. Mgeni alipanda juu ya paa, lililokuwa chini kiasi cha kupandwa na mtoto, akainamia kidirisha na kuita: “Mungu awe humu.” Ni wafu wanaotembea tu ambao hawakuweza kulitamka jina hilo; wao ndio waliogonga. Mlango uliogongwa gizani haukufunguliwa, na kila mwenye uhai alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakugonga. Oddur alilijua. Alipanda paa la Grafargil katika dhoruba ile, lakini theluji ilikuwa imekifukia kidirisha na kukigandia. Aliifukua kwa mikono. Asubuhi Ketill alimkuta amelala kifudifudi juu ya paa, glavu zake kando, kucha zimevunjika, na chini yake, upande wa pili wa theluji, vilikuwapo vitanda vya watu waliolala salama.

Ketill hakumtuma mtu. Alimfunga maiti juu ya kitelezi cha kubebea mizigo kwenye theluji, akamvuta mwenyewe kuvuka mto ulioganda hadi Hvammsnes. Mjane aliuliza jambo moja tu: “Mlimsikia?” Ketill akajibu: “Hatukumsikia.” Mjane akasogea kando, akampisha aingie. Tangu hapo mashamba hayo mawili hukusanya kondoo pamoja kila msimu wa vuli na kubebeana majeneza. Yote hayo yamesimama juu ya neno lile la Ketill. Na sasa sauti ya mjini, yenye mdomo uliojaa matangazo ya soksi, ilikuwa inasema kwamba Ketill alidanganya.

Jumatano walifika mapema. Örvar alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya sufu aliyokataa kuivua mezani. Ísleifur aliwawekea kahawa na mikate myembamba yenye nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, kwa sababu mgeni ni mgeni.

“Haya mzee, tupe matokeo,” alisema Örvar akitafuna. “Tumefaulu au tunarudia darasa?”

“Wale wanaocheka ni wapumbavu. Yule mnong’onaji anaona haya kusimulia, kwa hiyo anamtwisha msikilizaji kazi yake. Daktari ni mkweli asiye na pumzi.” Akamgeukia Sólrún. “Wewe una pumzi. Sasa niambie, nani aligonga?”

“Oddur, babu.”

“Nani alikuambia kwamba aligonga?”

Sólrún alikitazama kikombe chake. “Hakuna. Tuliweka sisi. Mtu akifika kwenye nyumba anagonga, si ndiyo? Nilidhani…”

“Ulidhani Oddur alikuwa anaishi ghorofani, penye kengele.”

Örvar akacheka. “Mzee ana makali. Lakini sikia, babu yangu, watu wanatusikiliza wakiosha vyombo, wakiendesha gari. Usipowagutusha wanakukimbia. Mlango ule ndio unaouza kipindi.”

“Mimi si babu yako. Na unadhani zamani watu walisikiliza wakiwa wamekunja mikono? Jioni nzima mmoja alisoma kwa sauti na wengine walichambua sufu, wakasokota, wakafuma. Hakuna aliyewapigia ngoma. Msomaji aliyeshindwa kuwashika watu wenye kazi mikononi alinyang’anywa kitabu akapewa mwingine.”

“Basi ungeninyang’anya mimi.”

“Wewe nisingekupa.”

Sólrún aliinua uso. “Babu, Ijumaa bado. Tunaweza kuutoa ule mlango.”

Örvar alikohoa. “Kuna kajambo kadogo,” alisema. “Nilikwisha tupa kionjo mtandaoni jana. Kipande kifupi tu, cha kuwatamanisha watu.”

“Kipande kipi?” aliuliza Sólrún.

Örvar hakuhitaji kujibu, kwa maana simu ya ukutani ililia, na Ísleifur alipoipokea aliisikia sauti aliyoijua tangu utotoni, ya Hallfríður wa Hvammsnes, kitukuu wa Oddur, mwanamke aliyekuwa akivuka mto kila Jumapili kuja kunywa kahawa mezani pale.

“Ísleifur,” alisema, “mjukuu wangu amenichezea kitu. Nimesikia mlango wenu ukigongwa.”

“Hallfríður, hicho—”

“Na kuna mtu amesema walisikia.” Akakata simu.

Ísleifur alisimama ameshika mkono wa simu. Hakuwa mtu wa kuogopa, lakini aliliona zizi la vuli likiwa na watu wa upande mmoja tu, na jeneza lake likibebwa na watu wachache. “Vaeni makoti,” alisema. “Twende Hvammsnes.”

“Mimi nibaki niangalie barua pepe,” alisema Örvar.

“Wewe utakaa mbele, karibu nami.”

Waliuvuka mto kwa gari. Hallfríður aliwafungulia mlango lakini hakusogea kando. Alionekana mdogo wa mwili kuliko Ísleifur alivyomzoea, na shali yake ilikuwa imefungwa kama ya mtu anayetoka.

“Uliza ulichotaka kuuliza,” alisema Ísleifur.

“Nakuuliza wewe. Walimsikia?”

“Mimi sitajibu. Ketill alijibu. Leo atajibu aliyekuletea hicho kishindo.” Akamsukuma Sólrún mbele kidogo, kwa kidole kimoja mgongoni.

Sólrún alikuwa mwekundu hadi masikioni. “Hawakumsikia, bibi. Hakugonga. Ule mlango tuliugonga sisi, chumbani kwetu, kwa ubao wa kukatia nyama.”

“Kwa nini?”

“Ili watu wasichoke.”

Hallfríður aliilegeza shali yake. “Mimi nimekaa na kifo chake maisha yangu yote,” alisema, “na sijawahi kuchoka.” Ndipo akasogea. “Ingieni. Nisimulie, maana naona unajua. Bila ubao.”

Sólrún alisimulia akiwa amesimama katikati ya sebule. Hakunong’ona wala hakupandisha sauti. Alisema Oddur alikuwa mwana wa nani, alitoka wapi, na alikuwa akipeleka dawa kwa nani. Alisema alipanda paa, kwa sababu alikuwa hai na alijua desturi. Alipofikia glavu alinyamaza kidogo, na ukimya ule haukujazwa na kitu chochote. Aliwataja waliolala chini yake kwa majina, mmoja mmoja, na watoto pia. Kisha kitelezi, mto, mjane, swali na jibu. Ilikuwa fupi. Hallfríður alilia bila kujificha, na Ísleifur alitazama dirishani, kwa kuwa hakutaka mtu auone uso wake.

“Safi,” alisema Örvar. “Safi sana, kweli. Ila haina pale pa kumshtua mtu. Tukiacha mlango mmoja tu, mdogo—”

“Kile kionjo kifute,” alisema Sólrún.

“Sólrún, kimesikilizwa kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya.”

“Sauti ni yangu na shamba ni la kwetu. Kifute, la sivyo Ijumaa utazungumza na upepo wako wa mashine.”

Örvar alimtazama aone kama anatania. Halafu akatoa simu mfukoni, akabofya huku akiguna, akawaonyesha kioo kitupu. “Haya. Kimekwenda. Mmefurahi?”

Hallfríður ndiye aliyejibu. “Umekifuta kwenye kisimu chako, mwanangu. Kwangu hukukifuta. Nawaamini, Ísleifur, nilikuwa nikiwaamini na nawaamini leo. Lakini masikio yangu hayajui kuamini. Kila nikiwakumbuka watu wa Grafargil, nitausikia kwanza ule mlango, ndipo nitajikumbusha kwamba haukugongwa. Haikuwa hivyo jana.”

Katika maisha yake yote ya ualimu Ísleifur alikuwa amesahihisha makosa kwa kalamu nyekundu, na hili halikuwa na pa kuwekwa kalamu. Alimshika Hallfríður mkono, akamwambia atakuja Jumapili yeye mwenyewe, asivuke mto.

Uani, kando ya gari, Örvar alijaribu kutabasamu. “Mzee, si tumekwisha rekebisha?”

“Hamjarekebisha. Mmeacha kuharibu zaidi.” Mzee hakupandisha sauti. Chukizo lake lilikuwa bado halijaisha, na hakuona sababu ya kulificha kwa adabu. Aliwatazama wote wawili, aliyempenda na asiyempenda, kwa jicho lile lile. “Wewe, Sólrún, umesimulia vizuri leo, na sitakusifu, kwa sababu ulijua kusimulia hivyo tangu mwanzo na ukachagua ubao. Ijumaa mtakisoma kipindi hiki kama ulivyokisema sebuleni mle, na mwanzoni kabisa mtasema kwamba mlango uliosikika ulikuwa wa uongo, na kwamba mliugonga ninyi. Kwa majina yenu na ya baba zenu. Na kuanzia sasa, kabla hamjatia sauti yoyote kwenye kifo cha mtu, mtamtafuta aliye hai wa ukoo wake, mtakaa mbele yake, na mtamsikilizisha yeye kwanza. Msipoweza kumtazama usoni wakati inalia, hiyo sauti si yenu kuitia. Mmenisikia?”

“Nimesikia, babu,” alisema Sólrún.

Ísleifur hakufungua gari. Alibaki ameshika ufunguo, akimtazama Örvar, akingoja naye ajibu.