Ukuta Unaouma

Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, na Mama Deki alikuwa amepiga magoti akikausha ukuta kwa kitambaa. Ukuta ule ulitoka machozi kila mvua iliponyesha. Hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kupiga deki korido za ofisi za jiji, na akirudi nyumbani hakupumzika, alianza upya. Majirani walisema tonge likikudondoka chumbani kwake, liokote ule, hutaumwa tumbo.

Kitambaa kilipofika karibu na swichi, ukuta ukamuuma.

Kitu kilimpanda kutoka kidoleni hadi begani, kikamtupa kinyumenyume mpaka ndoo ikapinduka. Akabaki amekaa sakafuni, mkono umekufa ganzi, moyo ukimdunda hadi masikioni.

"Nini hicho?" mama yake akauliza kutoka kitandani.

"Hakuna kitu, mama. Nimeteleza."

"Aliyeteleza hutukana. Wewe umenyamaza."

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Akitaka kwenda msalani alinyoosha mkono wa kushoto, akaushika ukuta, na ukuta ukampeleka: hatua nne hadi kwenye swichi, mbili nyingine hadi mlangoni, kumi na moja kwenye korido. Mama Deki aliutazama mkono ule uliolala juu ya shuka, mwembamba, umejaa mishipa.

Akaenda kumgongea fundi umeme, mpangaji wa chumba cha pili. Fundi akaja na kaptula yake ya kulalia, testa mkononi. Hakuichomeka kwenye soketi. Aliigusisha ukutani, pale penye unyevu, na kitaa kidogo ndani ya testa kikawaka.

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Aisee."

"Sema, kaka."

"Maji ya paa yanaingia kwenye mabomba ya nyaya, humu humu ukutani. Na nyumba yenyewe haina waya wa ardhini. Yaani ukuta wote umegeuka kuwa waya."

"Si uzime umeme urekebishe?"

"Boksi kubwa lina kufuli, na ufunguo anao msimamizi wa nyumba. Mwaka jana nililigusa, akaniambia nikirudia nifungashe. Nina mke, dada yangu." Akashusha sauti kama anayemsema marehemu. "Mvua ikinyesha, mtu asiguse ukuta. Wala bomba la maji. Wala ule waya wa kuanikia nguo, umefungwa kwenye nondo ya ukuta huu huu. Na mke wangu nitamwambia."

Mama Deki akamvalisha Bibi ndala za mpira, akamwekea ndoo ya haja hatua mbili kutoka kitandani.

"Mama, leo usiguse ukuta. Hata dunia ikipinduka."

"Ukuta ndio macho yangu, mwanangu. Unanifumba macho?"

"Leo tu."

"Leo tu," Bibi akarudia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia leo-tu nyingi maishani.

Msimamizi alikuwa uani juu ya ngazi, anapaka rangi. Madoa ya unyevu yaliyoshuka kutoka kwenye paa yalikuwa yakipotea moja baada ya jingine chini ya brashi yake, na ukuta ulianza kung'aa kama wa nyumba mpya.

"Mama Deki! Malkia wa usafi!"

"Ukuta wangu una shoti."

"Umeanza." Akachovya brashi. "Wewe ndiye unayemwaga maji humo ndani asubuhi na jioni. Nyumba haiogeshwi kama mtoto mchanga. Punguza deki, ukuta utakauka wenyewe."

"Maji yanatoka juu, kwenye paa."

"Ushahidi?"

"Njoo uguse."

Msimamizi akacheka, lakini hakushuka kwenye ngazi. "Mwenye nyumba kasema rangi kwanza. Asiyeridhika, geti halina mlinzi."

Kazini, Mama Deki alipiga deki korido mbili huku akili iko nyumbani. Saa nne akavua koti la kazi, akasimama kwenye foleni mbele ya mlango ulioandikwa Usalama wa Majengo. Kitasa cha mlango ule alikifuta kila siku. Leo alikiogopa. Msimamizi wake wa zamu akimwona amepanga foleni na wenye shida, ataambiwa nini?

Afisa hakuinua kichwa. "Fomu?"

"Sina fomu, mheshimiwa. Nina ukuta unaopiga shoti." Akaeleza yote: paa, testa, macho ya mama yake. Alieleza haraka haraka, kama mtu anayehofia kukatiwa simu.

Afisa aliuliza mtaa na namba ya nyumba, akafungua kabati, akatoa faili. Akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Nyumba yenu ilikaguliwa mwezi uliopita. Paa, salama. Mfumo wa umeme, salama. Usafi, bora."

"Aliikagua nani?"

Afisa akaigeuza karatasi upande wa Mama Deki. Sahihi ilikuwa ya afisa mwenyewe.

"Mama yangu hatoki, mheshimiwa. Mtu hata akipita dirishani anamsikia. Hakuna aliyekuja."

"Unasema mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi tufanye hivi." Akachukua kalamu. "Nikiandika kwamba kuna hatari, sheria inataka nyumba ifungwe. Leo hii. Familia kumi na nne nje, na mvua ile pale. Watauliza ni nani kawaletea. Niandike?"

Kalamu ilining'inia juu ya karatasi. Mama Deki akaona magodoro barabarani, akamwona Bibi ameketi juu ya sufuria lililofunikwa, anapapasa hewa kutafuta ukuta ambao haupo. Akawaona majirani wanamtazama.

"Subiri kwanza," akasema, na alijichukia papo hapo kwa kusema hivyo.

"Unaona? Mnapenda kulalamika, ufumbuzi mkipewa mnaukimbia. Anayefuata!"

Radi ikapiga. Matone ya kwanza yakagonga kioo cha dirisha, makubwa, kama mtu anarusha punje za mahindi.

Mama Deki hakurudi kwenye ndoo yake. Aliteremka ngazi mbili mbili, akiwa bado na gamboti za kazi miguuni. Nyuma yake sauti ya msimamizi wa zamu iliita, "Wewe! Unaenda wapi?" Hakugeuka. Njia nzima alikuwa akihesabu kwa midomo: hatua nne, mbili, kumi na moja. Hatua nne, mbili. Ee Mungu, asinyooshe mkono.

Yowe alilisikia kabla hajafika getini.

Mke wa fundi alikuwa amekimbilia kuanua nguo zisilowe. Mazoea yana taabu. Mvua ikianza, mkono wa mama wa nyumbani huenda kwenye kamba kabla akili haijakumbuka alichoambiwa asubuhi. Alikuwa amesimama kwenye dimbwi, vidole vimeng'ang'ania waya, mwili unatetemeka wote, mdomo wazi bila sauti. Waliokuwa wakipiga yowe ni wengine. Mmoja alitaka kumvuta kiuno.

"Usimguse!" Mama Deki akafoka. "Utakufa naye!"

Boksi kubwa lilikuwa chini ya ngazi za ghorofani, pakavu. Akaokota tofali. Pigo la kwanza likamponda kidole. La tatu likang'oa kufuli pamoja na kikomeo chake. Akanyakua fagio lenye mpini wa mbao, akaipiga ile swichi kubwa kwa nguvu za woga wote wa siku ile.

Redio zikazimika nyumba nzima. Uani mke wa fundi alianguka kama nguo iliyochomoka kambani.

Pumzi zilikuwemo. Kiganja chake kilikuwa kimeungua mstari mweusi kutoka ncha hadi ncha. Wanaume wawili wakambeba kwenda hospitali, mmoja akimpigia simu mumewe huku akikimbia.

Mama Deki akaingia chumbani mwake akijikaza asipige kelele.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mikono yote miwili ameikumbatia kifuani. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nilishuka kuifuata ndoo, nikapotea. Nikasema nisiguse kitu, mwanangu kanikataza. Nimesimama tangu ulipoondoka." Akainamisha uso. "Nimekuchafulia sakafu."

Kwa mara ya kwanza tangu ahamie chumba kile, Mama Deki hakukimbilia kitambaa. Alimkumbatia mama yake pale pale kwenye majimaji, akahisi mifupa yake inavyotetemeka, asijue ni ipi ya mama na ipi yake. Kisha akambeba, akambadilisha nguo, akamlaza.

Aliporudi chini ya ngazi msimamizi alikuwa amefika, rangi hadi kwenye nyusi.

"Nani kavunja kufuli? Rudisha umeme! Wapangaji wa juu wana mafriji."

Mama Deki akavuta kigoda, akaketi mbele ya boksi. "Hauwaki."

Msimamizi akajitenga kando kupiga simu. Mama Deki alikuwa amefuata watu wa kumsikiliza tangu asubuhi, lakini kwa kufuli moja lililovunjika nusu saa haikupita. Gari likasimama getini, akashuka yule yule afisa, faili kwapani. Akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe uliyevunja?"

"Ni mimi."

Akaandika amesimama. "Kuharibu mali na kuingilia mfumo wa umeme bila leseni. Weka sahihi hapa."

"Andika pia kwamba mke wa fundi yuko hospitali."

"Hilo halihusu ofisi yangu."

Majirani walikuwa wamejazana kwenye ngazi na milangoni. Baadhi yao walikuwa wamekasirikia umeme wao. Sasa walisogea karibu wasikie.

"Sawa," Mama Deki akasema. "Nitatoka hapa. Washa mwenyewe. Halafu nenda pale uani, shika ule waya. Kwa mkono huo ulioandikia salama."

Afisa akacheka kidogo. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akamtazama msimamizi, na msimamizi alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha zake.

"Sina muda wa mchezo. Kesho ofisini, saa mbili, usipokuja polisi watakufuata." Akamwekea karatasi magotini.

Mama Deki alijua kesho huenda hana kazi, na keshokutwa huenda hana chumba. Alijua pia kwamba hawezi kukaa kwenye kigoda kile milele. Atalala, na mtu atawasha. Woga wake ulikuwa pale pale, umekaa naye.

Njia fupi ya afisa kurudi getini ilikuwa kukatisha uani, chini ya waya, kupitia dimbwi lile. Swichi ilikuwa chini, umeme umezimwa, kila mtu aliiona, afisa mwenyewe alikuwa amesimama kando yake. Akafika ukingoni mwa maji, akasita. Kisha akakunja suruali, akashika njia ya mzunguko kwenye matope ya mtaro, akipita upande upande kando ya rangi mpya, mkono ameubana kifuani usije ukagusa ukuta.