Kuogelea Ndani ya Dipu

Mwanangu Githinji alikuwa ameshafaulu hesabu na kuchora. Kilichobaki ni kuogelea. Kampuni moja ndogo ya kuunda feri kule Kisumu ilikuwa inatafuta vijana wa kuandika kama aprentisi. Miaka mitano unafundishwa kukata chuma, kuchomelea, kufunga injini ya meli, na ukimaliza wewe ni fundi kamili, hakuna wa kukuuliza baba yako ni nani. Lakini sharti la mwisho lilikuwa hilo: kila kijana avuke maji mbele ya foremani, kutoka gati moja mpaka ingine, bila kushikwa. Tulipewa mwezi mmoja.

Sasa niambie, mtu wa Soy ataogelea wapi? Sisi ni watu wa mahindi. Mto wetu wakati wa kiangazi unafika magoti. Githinji alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na hajawahi kuingia maji ya kupita kiuno.

Kwanza nilimpeleka Eldoret mjini, kwa klabu moja iliyokuwa ya Wazungu, yenye bwawa la kuogelea. Askari wa geti alikuwa Kipkemboi, tuliyefanya kazi naye kwa kaburu zamani.

"Baba Githinji, hapa ni memba peke yake," akasema.

"Si tulipata uhuru?"

"Uhuru ulifika. Tuko naye hapa nje. Ndani bado hajaitwa."

Tukacheka, lakini hakufungua. Huko ndani niliona wakubwa wetu wapya wameketi kwa viti vile vile vya zamani.

Shambani kwetu kulikuwa na bwawa, la yule kaburu aliyetuuzia shamba kabla ya kurudi kwao kusini. Tulinunua kwa hisa, tukachagua kamati, na kamati ikawa ndiyo kaburu. Cheamani wetu, Mburu, alizungushia bwawa seng'enge akasema ni maji ya kunywa, mtu asiingie. Ng'ombe zake tu ndizo hazikusikia hiyo amri.

Ikabaki dipu. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa dipu miaka yote ya kaburu. Ni mfereji wa simiti, mrefu, mwembamba wa kupita ng'ombe mmoja, na kina chake kinazidi kichwa cha mtu. Unaujaza maji na dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka huku, anaogelea, anapanda ngazi kule. Wakati huo dipu ilikuwa kavu tangu mwaka uliopita, kwa sababu kamati ilikula pesa ya dawa, na ng'ombe za watu zikafa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Kwa hivyo nitasema ukweli, mara moja katika maisha yangu wizi wa wakubwa ulinifaa.

Tuliisugua kwa jivu na ufagio, tukaisuuza, halafu Jumapili kamati ikiwa kanisani nikafungua bomba la zamani la kutoka bwawani. Githinji akasimama pale ng'ombe wanarukia.

"Baba, kwani wewe unajua kuogelea?"

"Mimi najua vile ng'ombe anaogelea. Ruka."

Nilimfunga kamba kifuani. Nikachukua ule mti wa panda wa kuzamisha vichwa vya ng'ombe ili kupe wa masikioni wafe, lakini kwake nikauweka chini ya kidevu, kumwinua. Alikunywa maji, akakohoa, akanitukana moyoni, nilimwona kwa macho. Kuta zilikuwa karibu sana, mikono haifunguki, basi akajifunza kama ng'ombe: kichwa juu, miguu inachapa, mikono inachimba chini ya kifua. Baada ya siku chache nikaondoa mti. Nikaondoa na kamba.

Majirani walikuja kuangalia. Mama mmoja akaniuliza kama kijana ameshikwa na kupe. Halafu Mburu mwenyewe akafika, na koti lake la mkutano.

"Wanyoike! Dipu ni ya ng'ombe!"

"Ng'ombe gani, cheamani? Si walikwisha?"

"Hii ni mali ya sosaiti. Uliuliza nani?"

"Na ile pesa ya dawa, wewe uliuliza nani?"

Watu wakacheka. Mburu hakucheka.

"Sikia," akasema. "Dawa inakuja wiki ijayo. Kijana akitoka saa hii, ng'ombe zako zitaingia na za wengine. Asipotoka, hazitagusa dipu hii mimi nikiwa cheamani."

Nilikuwa na ng'ombe wawili. Marehemu mke wangu, Nyakio, ndiye aliwalea tangu ndama. Alikufa akijifungua, na gari la hospitali limeenda kubebea mkubwa fulani viti vya harusi. Githinji alikuwa amesikia kila neno. Akaanza kupanda ngazi.

"Rudi ndani," nikamwambia.

Ng'ombe mmoja alikufa ndigana. Wa pili niliuza kabla hajafuata.

Siku ya mtihani tulienda Kisumu kwa basi. Githinji aliliangalia ziwa huku na huku. Halafu akaniuliza polepole, "Baba, kuta ziko wapi?"

Vijana wa pale walikuwa wanajitupa majini wakicheka. Foremani alikuwa mtu mnene wa jina Joash.

"Wa Eldoret!" akaita. "Leo tutaona kama mahindi yanaelea."

Githinji akaruka. Alienda vizuri mpaka katikati, halafu nikaona mkono unapapasa kando, unatafuta simiti. Haikuwako. Akazama. Nilipiga kelele ile ile ya kufukuza ng'ombe ndani ya dipu, "Hoi! Hoi! Mbele!" na kichwa kikatokea, kimeinuka, macho mbele, na hakuacha kuchimba mpaka akashika gati.

"Anaogelea kama ng'ombe!" kijana mmoja akasema.

"Na ng'ombe amefika," Joash akamjibu. "Wewe wa mdomo hata hujalowa." Akamgeukia Githinji. "Kesho asubuhi, na ovaroli."

Nikaomba nione hiyo kazi. Nilikuwa nadhani meli inaundwa majini, kumbe inaundwa nchi kavu, imeinuliwa kwa magogo, na mafundi wamekaa juu wanachomelea, nguo kavu.

"Sasa kuogelea ni ya nini?" nikamuuliza Joash.

Akanionyesha feri nyingine iliyokuwa ikielea kando ya gati, ikifungwa injini. Watu walikuwa wanaivukia kwa ubao mmoja mwembamba, wamebeba vyuma begani.

"Mwaka jana mmoja aliteleza pale, akafa maji. Ndio wakubwa wakaleta sheria, kila aprentisi ajue kuogelea."

"Na ubao?"

"Ubao ni ule ule."

"Hata kamba ya kushika hawakuweka?"

"Mzee, kamba inanunuliwa. Kuogelea unakuja nayo kutoka kwenu."

Nilimwita Githinji, nikamwonyesha. Akauangalia ule ubao kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nimeona, Baba."

"Usibebe chuma kwa mabega yote mawili."

"Sawa."

"Na mkubwa akikuambia ukimbie, usikimbie."

"Sawa, Baba."

Akaenda kutafuta mtu wa kumwazima ovaroli, na mimi nikashika njia ya stendi.