Jina la Tisa kwenye Orodha

Karatasi ilibandikwa ubaoni karibu na mashine ya kahawa siku ya Jumatatu, na hadi Jumatano watu wanane walikuwa wameshajiandikisha. Safari yenyewe ilikuwa ya siku kumi na mbili kwa miguu huko Nepali, pamoja na waongozaji, mpaka kambi iliyo chini ya mlima Everest, ili kuchangia hospitali ya watoto. Katika kituo hicho cha simu cha benki moja ya Dubai, kila mfanyakazi mwingine alikuwa ameulizwa kama atakwenda. Ghania, aliyekaa meza ya tatu kutoka mlangoni kwa miaka kumi na sita, hakuulizwa na mtu.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Presha ya macho ilimchukua jicho la kulia akiwa na thelathini na nane, na la kushoto miaka miwili baadaye. Kazi hakuiacha. Kompyuta ilimsomea sikioni kwa kasi ambayo wenzake hawakuielewa, na wateja waliopiga simu kulalamika hawakujua kamwe kwamba anayewatuliza haoni.

Alhamisi alimfuata msimamizi wao, Clifford, Mkenya mpole aliyekuwa kiongozi wa safari.

"Clifford, kalamu iko wapi?"

"Kalamu ya nini, Bi Ghania?"

"Ya kuandikia jina langu kwenye ile karatasi."

"Ile njia ni mawe matupu," Clifford alisema. "Kuna madaraja yanayoning'inia juu ya mito."

"Nimesikia. Mmeyazungumza wiki nzima. Niwekee kidole changu palipo wazi."

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopanda kidogo upande wa kulia. Likawa jina la tisa.

Kampuni ya waongozaji haikukataa, ila ilitaka cheti cha daktari, na mtu wa kumwongoza atakayetoka naye Dubai. Cheti alikipata. Mtu ndiyo ilikuwa kazi. Mdogo wake, Mohannad, aliyeishi naye pamoja na mkewe katika nyumba ya ghorofa ya kumi na nne huko Al Mankhool, hakutaka hata kulisikia jambo hilo.

"Dada, watu watasema tumekutupa."

"Watu gani? Wataje."

Mohannad alianza kuondoa vikombe mezani.

"Mie sikuombi ruhusa," Ghania alisema. "Nakuomba uniendee dukani ukaniangalizie viatu vya mlimani, maana wale wauzaji wakiniona na fimbo watanipa vya kutembelea sebuleni."

Mlangoni mwa jengo walimoishi alikuwapo mlinzi aitwaye Metrine, mzaliwa wa Chwele, chini ya Mlima Elgon. Siku yake ya kwanza kazini, miaka minne nyuma, wengine wote walipokuwa wakimdaka Ghania mkono bila salamu, yeye alisimama palepale alipo na kusema, "Madam, kuna ndoo hatua tatu mbele yako. Pita kulia." Hakumgusa. Tangu hapo Ghania alimwamini kuliko jamaa zake wengi.

"Likizo yako lini, Metrine?"

"Oktoba, madam. Naenda nyumbani kumwona mum."

Ghania alimweleza yote, bila kumficha kwamba itamla likizo nzima. Gharama zitakuwa juu yake, alisema, lakini siku atakazopoteza hawezi kumrudishia. Metrine aliomba siku moja afikiri. Kesho yake alimngoja penye lifti.

"Nimeongea na mum. Ameuliza kama huo mlima ni mkubwa kuliko wetu. Nikamwambia ni mara mbili. Akasema basi niende, nitamwona mwaka ujao."

"Na wewe mwenyewe wasemaje?"

"Mimi nimechoka kufungua mlango, madam."

"Basi na hilo la madam tuliache hapahapa."

Walianza mazoezi Juni, kwenye ngazi za dharura, ambako hakuna kipoza hewa na ukuta ulikuwa na joto kama mgongo wa tanuri. Ghorofa kumi na nne, kila alfajiri Metrine alipotoka zamu ya usiku. Mwanzoni Ghania alipumzika mara sita. Kufikia Agosti hakupumzika, na mgongoni alibeba chupa za maji zilizojaa. Ijumaa walipanda basi hadi Hatta, kwenye vilima vya mawe. Huko ndiko walikotengeneza lugha yao. Metrine alitangulia na utepe mfupi umefungwa kwenye mkoba wake, Ghania akaushika kwa mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia. "Ngazi" ilikuwa panda. "Bonde" ilikuwa shuka. "Legevu" ilikuwa jiwe linalocheza. Na "simama" haikuhojiwa. Ikisemwa, mguu unabaki ulipo.

Ghania alianguka mara nyingi huko Hatta. Kila mara Metrine alingoja ainuke, kisha akamweleza kosa lilikuwa la nani.

Mwezi wa kumi wakatua Lukla, Nepali, watu kumi kutoka Dubai, na uwanjani wakapokelewa na mwongozaji mkuu. Jina lake lilikuwa Dawa. Metrine alishindwa kujizuia kucheka, na ilibidi Ghania amweleze yule bwana kwamba kwa Kiswahili dawa ni kitu cha kunywa asubuhi na jioni. Dawa naye alicheka. Aliwaambia kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi ya upagazi sokoni Al Ras, kulekule Dubai, miaka mitatu, akibeba magunia ya iliki na bizari kwenye vile vichochoro, na Kiarabu cha sokoni bado anacho. "Yalla," akasema, yaani twende, "shwai shwai."

Na ndivyo walivyokwenda, polepole. Ghania aliijua njia kwa masikio na kwa pua: kengele za mayaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, zikija, moshi wa mreteni mbele ya nyumba za watawa, mto uliobadilisha sauti kila walipoukaribia. Kwenye madaraja alisikia mbao zikitetemeka kwa nyayo za watu walio mbele, akahesabu. Kila alfajiri Metrine, ambaye Jumapili zake zilikuwa za kanisa, alitazama simu kisha akamgeuza Ghania mabega kuelekea kibla. "Hapo," alisema, halafu akarudi kwenye blanketi.

Siku ya nane waliondoka Dingboche kuelekea Lobuche, juu ya mita elfu nne na mia nne. Hewa ilikuwa nyepesi, na kila mtu alizungumza kidogo. Lakini Ghania aliona jambo. Maneno ya Metrine yalikuwa yakichelewa. Neno "jiwe" lilimfikia wakati fimbo yake imeshaligonga.

"Kichwa kinauma?"

"Niko sawa."

Walikunywa chai kwenye vibanda vya Thukla, wakaanza kupanda tena. "Kushoto," Metrine alisema, na Ghania alipopeleka fimbo kushoto haikugusa kitu. Hewa tupu. Kokoto zilizosukumwa na ncha ya fimbo zilikwenda chini na hakuzisikia zikifika.

Aliketi palepale njiani.

"Nilitaka kusema kulia," Metrine alisema. "Sorry. Simama twende."

"Umekosea mara tatu tangu chai. Mara mbili za kwanza nilinyamaza."

"Nimesema niko sawa."

"Mwite Dawa."

"Bi Ghania, ukimwita Dawa nitarudishwa." Sauti yake ilishuka. "Na mimi nikirudishwa, wewe pia safari imekwisha. Unajua hivyo."

Ghania alijua. Alikuwa amelipima hilo kabla hajaketi. Akapaza sauti mwenyewe kwa Kiarabu, "Dawa! Taal hini!" Njoo hapa.

Dawa alishuka kutoka mbele. Alimbana Metrine kipimo cha oksijeni kidoleni, akaguna. Kisha akamwambia atembee kisigino kwa ncha ya kidole kwenye mstari alioukwaruza ardhini. Hatua ya nne Ghania alisikia mguu ukiburuta na Dawa akimdaka.

"Khalas, basi," Dawa alisema. Ulikuwa ugonjwa wa mwinuko, na ulikuwa umeshagusa ubongo. Tiba ya kwanza ni kushuka, na kushuka ni sasa hivi, mpaka zahanati ya Pheriche, pamoja na msaidizi wake.

"Umeniuza," Metrine alimwambia Ghania. Alikuwa akilia. "Miezi minne ya ngazi. Likizo yangu. Umeniuza kwa maneno mawili."

Ghania alinyoosha mkono, lakini Metrine hakuupokea. Nyayo zake na za msaidizi zilishuka, za mmoja timamu na za mwingine kama mtu aliyelewa, mpaka upepo ukazifunika.

Clifford alikuwa amefika. Alichuchumaa kando yake. "Bi Ghania, nasikitika sana. Tutatafuta mtu wa kukushusha."

"Mmekwishaniamulia?"

"Huna mtu wa kukuongoza."

"Dawa anatembea mbele yetu sote, na anatembea polepole. Mie nitashika mkoba wake." Akageuza uso kule alikosikia pumzi ya Dawa. "Kule Al Ras, gunia likiwa kichwani na shingo imeinama, ulionaje njia?"

Dawa alifikiri. "Sikuiona. Mwenzangu alinipigia kelele."

"Alisemaje?"

"Yasar. Yamin. Fog. Taht. Hajar."

Kushoto, kulia, juu, chini, jiwe. Ghania alikulia Dubai. Maneno hayo aliyajua kabla ya kujua kusoma. "Basi nipigie kelele," alisema. "Nipe saa moja. Nikikuchelewesha, nitashuka bila ubishi. Na tukifika Lobuche, kama habari za Metrine ni mbaya, nitashuka pia."

Dawa alifunga utepe kwenye mkoba wake.

Saa ile ilikuwa mbaya. Dawa alikuwa na hatua ndefu kuliko Metrine na alisahau kusema "taht". Ghania alijigonga goti, akateleza, akakosa hata pumzi ya kuuliza. Lakini hakuwachelewesha, maana nyuma yao watu wenye macho mazima walikuwa wakisimama kila hatua ishirini. Jioni, Lobuche, simu ya upepo ilikoroma: mgonjwa amepewa oksijeni na sindano, amelala, maneno yake yamenyooka. Ghania alimwomba Dawa aulize tena, na alipojibiwa vilevile ndipo alipokula.

Kesho yake njia ilipita kando ya barafu, juu ya majabali yaliyorundikana. Hapo utepe haukusaidia. Dawa alimshika mikono na kumwekea, jabali kwa jabali, na Ghania alikwenda kwa makalio, kwa magoti, kwa viwiko. Mahali fulani jiwe lilimchuna muundi, damu ikaingia kiatuni. Clifford akasema labda inatosha.

"Mfupa umevunjika?" Ghania aliuliza.

"Hapana."

"Nifunge kitambaa."

Walifika kambini alasiri. Ghania alijua kwa sababu wenzake walianza kukumbatiana na kupiga kelele, na bendera zilipigapiga upepo kila upande. Walimsukuma katikati kwa picha. Aliposhiba picha aliwaomba wanyamaze dakika moja tu, na kwa kuwa walikuwa wamechoka walimtii. Dawa alimpeleka hatua chache mpaka kwenye barafu. Aliiwekea kiganja. Ilikuwa na chembe kali kama chumvi ya mawe, na kwa ndani, mbali chini, ilikuwa ikilia: mlio mfupi, kimya, mlio mwingine, kama nyumba ya mbao inayokaliwa na mtu mzito. Kisha upande wa pili mawe yakaporomoka kwa muda mrefu. Alimwambia Mungu alhamdulillah. Halafu akagundua kwamba mdomo wake ulikuwa umeanza kusema, "Metrine, nini hiyo?"

Siku mbili baadaye walishuka Pheriche. Metrine alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya zahanati, juani.

"Umefika?" aliuliza.

"Nimefika."

"Sawa."

Ghania aliketi kwenye benchi hilohilo. Mtu aliwaletea chai. Walikunywa vikombe vyao mpaka nusu.

"Daktari ameniambia ningelala Lobuche ule usiku, pengine nisingeamka," Metrine alisema. "Nimelifikiria hilo siku mbili. Bado nina hasira."

"Kaa nazo. Ni haki yako."

"Ningekuwa mimi, singemwita Dawa. Ningenyamaza tu, tufike."

"Najua."

"Hiyo ndiyo inanikasirisha. Ningetumaliza sisi wawili." Alipuliza chai. "Nani anakushusha?"

"Dawa ana watu wengi wa kuwaangalia."

Metrine alisimama, akaenda ndani, akarudi na mkoba wake. Aliufungua utepe kwenye mkoba wa Dawa kwa vidole ambavyo bado vilikuwa dhaifu, akaufunga kwenye wake. Daktari alikuwa amemruhusu kushuka, alisema, lakini si kukimbia. Waliondoka wa mwisho.

"Bonde," alisema. "Legevu. Kulia, na safari hii ni kulia kweli."

Walitembea saa nzima hivyo, kwa maneno ya kazi tu. Baada ya daraja la kwanza Metrine aliuliza, akiwa hajageuka, "Kulikuwaje huko juu?"

Ghania alianza kumweleza ile barafu, jinsi ilivyolia, na jinsi ilivyokwaruza kiganja. Metrine alimkatiza mara moja tu, kusema kuna ngazi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Dubai Mohannad aliwapokea wote wawili. Aliutazama muundi wa dada yake, akabeba mizigo. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, Metrine alirudi zamu mlangoni, pua imebambuka kwa jua. Wakazi waliokuwa wakipita bila salamu walisimama kumuuliza alikuwa wapi, naye akawaambia.