Nyuma ya Kadi ya Mutinda

Mara ya tatu! Mara ya tatu wiki hii Wakesho anakalia kile kibenchi cha ofisi ya operesheni ya usalama pale Voi, na mara ya tatu anaambiwa fomu yake ina kasoro. Juzi ilikosa namba ya pikipiki. Jana ilikosa muhuri wa zahanati. Leo je?

"Haina majina ya wagonjwa, sista," alisema Kimeu, afisa wa vibali, akiirudisha juu ya meza. "Wala haisemi wanakaa wapi."

Wakesho alihisi damu inamchemka. Tangu wakulima na wafugaji wauane kwa sababu ya maji kule Marungu, mpaka wa ranchi wanakokaa wafugaji ulikuwa umefungwa. Haingii mtu bila kibali. Sawa, usalama ni usalama. Lakini yeye ni muuguzi wa kifua kikuu, na ng'ambo ya kizuizi kuna wagonjwa wake kumi na mmoja. Mmoja wao, Mutinda, mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, vidonge vilimwishia siku tisa zilizopita. Siku tisa! Ugonjwa ule ukionjeshwa dawa kisha ukaachwa, hurudi ukiwa sugu, na hapo hata hospitali kubwa hubahatisha.

"Afande, huyu mtu atanifia," alisema. "Mnataka nilete maiti ndio mpige muhuri?"

Kimeu hakukasirika, na hilo lilimuudhi Wakesho zaidi.

"Mwezi uliopita nilipitisha gari la dawa," alisema polepole. "Ndani ya boksi la chanjo kulikuwa na risasi. Wakulima wawili wakazikwa. Sahihi ilikuwa yangu. Kwa hivyo niambie unaenda kwa nani, nami nitapiga muhuri leo leo."

Angefanya nini? Alifungua mkoba akatoa kadi zake. Sasa, muuguzi wa kifua kikuu ana desturi yake: nyuma ya kila kadi huchora njia ya kufika kwa mgonjwa, ili akiacha dawa afuatwe mpaka mlangoni. Na Wakesho kwa kuchora, wee! Bwawa lililokauka, mti uliopigwa na radi, boma la tatu, jiko upande wa kushoto. Kwa hasira akazitupa zote kumi na moja mezani.

"Haya, piga kopi. Usije ukaniambia tena kuna kasoro."

Kasoro haikuwepo. Saa nane kibali kilikuwa mkononi, kikisema aingie keshokutwa.

Siku ya kibali ilipofika, asubuhi, Zephaniah wa bodaboda alimfikisha kizuizini. Askari akakisoma kibali, akainua mti. Wakesho alicheka peke yake kwa furaha. Hatimaye!

Furaha haikufika mbali. Malishoni kando ya lile bwawa kavu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Boma la kwanza tupu. La pili, mlango umelala chini. Kwenye la tatu alimkuta Mwelu, mke wa Mutinda, akiwasha moto.

"Mutinda yuko wapi?"

"Askari walikuja jana alfajiri wakitafuta bunduki," alisema Mwelu. "Hawakuuliza njia, sista. Walikuwa na karatasi. Wakamwita kwa jina, mpaka jiko letu walijua liko upande gani. Wanaume wote wamebebwa. Yeye alipenya kwenye miba, na kikohozi chake hicho."

Wakesho aliijua karatasi ile kuliko waliokuja nayo. Alimlaani Kimeu moyoni, kisha akajilaani mwenyewe, yeye na mkono wake unaochora vizuri.

"Niambie amejificha wapi, nimpelekee dawa," alisema haraka. Na mkono, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, ukawa umeshachomoa kadi ya Mutinda na kalamu.

Mwelu aliitazama kalamu. Akaitazama kadi, boma lake limechorwa nyuma mpaka jiko.

"Mwelu, haki ya Mungu, sikujua..."

"Niachie dawa, sista."

Kwa sheria ya kazi, lazima kwanza amwone mgonjwa, ampime uzito. Wakesho alitoa vidonge vya mwezi mzima, akavikabidhi. Mwelu akavifunga kwenye pindo la leso, kisha akanyoosha mkono tena.

"Na hiyo kadi."

Wakesho akampa. Mwelu akaitia motoni, akaikoroga kwa kijiti mpaka ikawa jivu, kisha akasimama akimsubiri aondoke.