Kadi ya Meza ya Bwana

Waumini walimwita Mzee Kadi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa mpiga chapa, mwenye karakana ya chumba kimoja, na harufu ya wino ilimganda mpaka kwenye suti ya ibada. Kanisani alikuwa mzee wa mtaa. Wiki moja kabla ya Meza ya Bwana alizunguka nyumba kwa nyumba, akauliza kama kuna ugomvi ndani, akaomba na watu, kisha akampa kila mmoja kadi yenye jina lake na tarehe. Jumapili kadi inarudishwa mlangoni. Huna kadi, hushiriki. Kadi zenyewe alizikata kwa mashine yake, pembe zote sawasawa, na ole wako uirudishe imekunjamana!

Miaka tisa iliyopita kanisa lilipasuka. Mkutano mkuu ulibadili kiapo cha wachungaji, ukafuta mstari unaokiri kwamba Neno la Mungu ndilo mwamuzi wa mwisho. Mzee Kadi alisimama, akasema, "Leo mnafuta mstari. Kesho mtafuta nini?" Akatoka, watu mia na ushee wakamfuata. Na tuseme kweli, mpaka leo haoni alikosea wapi katika hilo. Kinachomla moyo ni kingine kabisa.

Walipokaa kuandika katiba ya kanisa jipya, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki, ni yeye aliyeng'ang'ania kifungu cha saba: aliyebaki kule asipewe kadi huku, hata awe nani, mpaka atie sahihi kwamba ameliacha kanisa lile. Mchungaji wao alikuna kichwa.

"Mzee, hata ndugu zetu wa damu?"

"Hata hao. Tukilegeza hapa, tumekwisha."

Kikapita, yeye mwenyewe akakichapa.

Sasa, dada yake alibaki kule. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita. Ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kumkalisha chini na Maandiko mapajani mpaka amalize sura. Kuhusu kiapo walikubaliana kabisa. Alichokataa dada ni kuondoka.

"Mama akiugua, unahama nyumba?" alimuuliza.

"Dada, wewe ni mbishi tu."

"Nimeambukizwa na mtoto niliyemlea."

Wakacheka. Ila tangu siku hiyo hawakushiriki tena meza moja.

Mwaka huu, siku ya Alhamisi, dada aliingia karakanani akihema, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niandikie kadi. Jumatatu napasuliwa moyo, na daktari hakumung'unya maneno. Jumapili nataka kushiriki na wewe, mara moja tu."

Kadi tupu zilikuwa palepale mezani, rundo zima.

"Tia sahihi, dada. Ni mstari mmoja tu."

"Sijaliacha kanisa lile. Niseme uongo kwa kalamu ili nipate mkate wa Bwana? Sikukulea hivyo."

"Ingekuwa mimi peke yangu, dada, ningekupa. Lakini kifungu—"

"Kifungu umekiandika wewe."

Mzee Kadi angeweza kuandika jina moja kwenye karatasi moja, basi! Akakaza shingo. Dada akainuka, akamfuta doa la wino shavuni kwa kidole gumba, kama alivyomfuta utotoni, akaenda zake.

Jumapili alikuja hivyo hivyo, bila kadi, akaketi mwisho wa safu. Ilikuwa zamu ya Mzee Kadi kupitisha sahani. Alipofika pale mkono wa dada uliinuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka sitini. Naye, Mungu amsamehe, aliipitisha sahani juu ya mkono ule, akampa jirani.

"Samahani, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Nilisahau."

Yeye ndiye aliyeomba samahani! Jamani, yeye!

Jumatatu aliingia chumba cha upasuaji, hakutoka hai.

Walimzika kanisani kwake. Baada ya mazishi mchungaji wa kule, ambaye Mzee Kadi hakuwahi kumsalimia miaka yote tisa, alimwita ofisini, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira.

"Ulipoondoka, mtaa wenu ulikosa mzee. Tukampa dada yako kazi hiyo."

Zilikuwa kadi, zimekatwa kwa mkasi, zimepinda huku na huku. Kila moja ilikuwa na jina lake yeye, Mzee Kadi, kwa mwandiko ule uliomfundisha herufi. Nne kwa mwaka, miaka tisa.

"Nilimwambia, huyu ametuacha, mfute. Akanijibu, nyumbani sijamfuta, hapa nitamfutaje? Jumapili ikipita hujaja, alikuwa anairudisha humu."

Ile ya juu ilikuwa ya Jumapili ijayo. Aliiandika kabla ya kwenda hospitali.

"Hiyo bado ni halali," mchungaji alisema taratibu. "Ukija, hatutakuuliza kitu."

"Siwezi, mchungaji. Kile kiapo..."

"Najua. Na yeye alijua."

Alirudi karakanani na suti yake ya mazishi, akaketi juu ya lile boksi la karatasi. Kwa mazoea aliichukua ile kadi iliyopinda, akaiweka chini ya kisu cha mashine ainyooshe. Mkono ukagoma. Akaitoa, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akalia kwa sauti bila kujali mlango uko wazi.

Kisha akavuta kadi moja tupu kutoka kwenye rundo. Akaandika jina la dada yake, herufi moja moja, na tarehe ya Jumapili ile aliyompita na sahani. Wino ulipokauka aliendelea kuishika, maana hapakuwa na mtu wa kumpa.