Mtambaa wa Nyuma ya Gereji

Kahawa ya Corinne ilipoa mara mbili asubuhi ile ya Jumamosi. Kila akikaa anainuka, anarudi dirishani. Nyuma ya gereji mumewe, Wendell, alikuwa akirundika mitambaa, mimea ya kutambaa aliyoanza kuing'oa ukutani jana yake, mikono mitupu. Alipanga akimaliza aichome moto.

Mwishowe akamfuata. "Wendell, una hakika hiyo si ya sumu?"

"Tumeshaongea hili. Ya sumu ina majani matatu. Hesabu."

Akahesabu bila kugusa. Matano. Tawi jingine: matano.

"Haya, profesa," Wendell akacheka, "nenda kanywe kahawa yako."

Corinne akarudi ndani, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Utotoni alimwona mjomba wake Virgil akikimbizwa hospitali baada ya kuvuta moshi wa mtambaa wa sumu, koo limevimba, sauti haitoki. Alipomwona Wendell akiinua dumu la mafuta ya taa, alitoka mbio na soksi tu miguuni.

"Ngoja! Nataka kuona chini."

"Chini kuna nini?"

Corinne alichukua reki, akalipindua rundo zima. Chini kabisa palikuwa na mashina manene, yameota nywele za kahawia kama kamba iliyochakaa. Majani yake yalikuwa matatu matatu, la kati lina kikonyo kirefu kuliko vya mengine. Mitambaa miwili tofauti ilikuwa imepanda ukuta mmoja, ikasokotana.

Wendell akatua dumu. Akaanza kujikuna kiwiko, akaacha ghafla.

"Kinakuwasha tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Nilidhani mbu."

"Mbu gani, na baridi ile? Na ukalala kwenye shuka zangu na utomvu wake mwilini!"

Alimsukuma hadi bombani, akamsugua mikono kwa sabuni ya vyombo huku akimgombeza. Rundo wakalitia kwenye mifuko ya plastiki, safari hii wamevaa glavu.

Kufikia Jumatatu mikono ya Wendell ilikuwa imejaa malengelenge, na daktari akampa vidonge.

"Ningeliwasha lile rundo..." alisema Wendell wakiwa garini.

"Ningekuwa mjane mwenye gereji safi."

Jumatano Corinne akaamka anajikuna kifundo cha mkono. Wendell alimletea dawa ya kupaka, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.