Vyungu Viwili

Baba na mama walikuwa hawajasemeshana miaka tisa, na katika miaka hiyo yote baba hakukosa kula kwa mama hata siku moja. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa namna itakayomfanya baba aonekane mtu wa maana. Imeshindikana.

Chanzo kilikuwa ndama. Mama alilima mashamba ya watu misimu mitatu mpaka akamnunua, baba akamuuza bila kumwambia mtu, na fedha zikaenda anakojua mwenyewe. Mama akamwita mwizi mbele ya kaka zake baba. Baba akaapa kuwa hatamsemesha mpaka aombwe radhi, mama akasema sawa, asubiri. Basi baba akahamia kwenye stoo ya majembe, ng'ambo ya ua, na godoro akaondoka nalo kwa sababu alilinunua yeye. Mama akabaki na mkeka. Kutoka mlango wake hadi ule wa stoo ni hatua ishirini na nane. Nazijua kwa sababu nimezitembea mimi, sahani mkononi, mchana na jioni.

Mimi ni binti yao wa kwanza, fundi cherehani, nafupisha suruali za watu pale njia panda kwa cherehani ya kukodi. Hiyo ndiyo kazi ninayowaambia wageni. Nyumbani nilikuwa posta.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi," baba angesema, mama akiwa hatua tano tu kutoka kwake, anaanua nguo.

"Mwambie baba yako chumvi ni ileile. Ulimi ndio umechakaa."

Nami nilitakiwa nirudie neno kwa neno, maana kabla sijarudia ilikuwa haijasikika. Siku nikiumwa koo, nyumba nzima ilikuwa haina mawasiliano.

Halafu ukaja mradi. Tuliitwa kwenye darasa la shule, tukakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakitugusa kidevu, na mbele yetu akasimama dada mmoja kijana ambaye siku hiyohiyo tulimpachika jina la Dada wa Kishikwambi, kwa sababu kile kifaa hakukiweka chini hata alipokwenda chooni. Akasema kila kaya maskini itatumiwa fedha kwa simu, kila baada ya miezi miwili, kwa mwaka mzima. Zitumieni mnavyoona inafaa, akasema. Hakuna atakayewapangia.

"Na nyinyi mnataka nini kwetu?" mwenyekiti wa kijiji akauliza.

"Hatutaki kitu."

Hapo ndipo watu walipoanza kuogopa. Wanaotaka kitu kwetu tumewazoea, tunajua pa kuwaweka. Mtu asiyetaka kitu anakunyima usingizi.

Mama mmoja akauliza kaya ni nini hasa, kwa kuwa yeye ana wakwe, wajukuu na shemeji asiyeondoka. Dada wa Kishikwambi akajibu kwamba kwao hesabu ni nyepesi: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, na wenye vyungu viwili ni kaya mbili, hata wakiishi ua mmoja. Baba alikuwa amesinzia tangu sala ya kufungua kikao. Niliona kichwa chake kikiinuka.

Hatujafika hata nyumbani akanivuta kando ya njia. Mama alikuwa mbele yetu, na kwa jinsi baba alivyokuwa anapayuka alisikia kila kitu, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mwambie mama yako sisi ni vyungu viwili. Tukiandikwa kimoja tunapata mara moja. Tukiandikwa viwili tunapata mara mbili. Atumie akili."

Nikamfikishia. Tulipofika mama akaketi na ungo wa maharage mapajani.

"Hizo zangu zitaingia kwa jina langu?"

"Jina lako, simu yako."

"Yeye hawezi kuzitoa?"

"Mpaka umpe namba ya siri."

Akachambua maharage kwa muda, akitupa yaliyotobolewa. Kisha akasema, "Mwambie nimekubali." Ningemtazama vizuri wakati ule ningejua kitu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujinunulia cherehani kichwani, na mtu mwenye tamaa haoni mbali.

Baba alijitupa kwenye ule uongo kwa bidii ambayo matofali yake hayakuwahi kuiona, na yeye ni mchoma matofali tangu ujana. Akaokota sufuria kuukuu kwa jirani. Akapanga mafiga matatu mbele ya stoo. Ili sufuria ionekane imepikiwa miaka, akaichomea majani mabichi chini yake siku mbili mfululizo, akikohoa, macho mekundu, sufuria ikiwa tupu kabisa. Watu waliopita njiani waliuliza anapika nini. Akawaambia mboga.

Siku ya ukaguzi Dada wa Kishikwambi alikagua mafiga, akaisifu sufuria, akafunua kifuniko. Ndani alikuwamo buibui, amekwisha kujijengea. Baba akamtoa kwa kidole na kusema siku hizi wanaingia haraka sana. Dada hakucheka. Akavuka ua, akamkuta mama mlangoni.

"Mama, nikuulize, na ujue mkidanganya nikagundua mnafutwa nyote wawili. Yule mzee anakula kwako?"

Mama hajui kusema uongo, akijaribu hujikuna shingo. Mkono wake haukuinuka.

"Hali kwangu," akasema.

Kidole kikagusa kishikwambi, na wazazi wangu wakawa kaya mbili. Baba akanikonyeza.

Mchana uleule niliosha mikono, nikasimama jikoni kungoja sahani. Mama alipakua ya kwake na ya kwangu, akafunika sufuria, akaketi kula.

"Na ya baba?"

"Baba yako hali kwangu."

"Mama, ile si ilikuwa…"

"Nimemwambia mtoto wa watu hali kwangu. Unataka niwe mwongo?"

Akaendelea kula, taratibu, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wageni. Nami niliogopa kweli, nakiri. Kwa miaka tisa nilidhani anampikia kwa sababu bado kuna kitu. Siku ile nikaelewa kwamba alimpikia kwa sababu shamba ni la baba, nyumba ni ya baba, na mwanamke asiye na kitu hawezi kufunika sufuria.

Baba alituma ujumbe wa kwanza saa nane. "Mwambie mama yako nimeshangaa." Wa pili saa kumi: "Mwambie mama yako mchezo umekwisha, yule dada ameshaondoka." Jibu la mama lilikuwa lilelile mara zote mbili, kwamba yeye sasa ni jirani, akapike.

Akapika. Maskini baba yangu, maharage yake ya kwanza ungeweza kuyauza kwa kilo kama kokoto. Ya pili yaliungua juu na kubaki mabichi ndani, jambo ambalo hata mimi sijui linafanyikaje. Nilimpelekea kwa kificho mara moja, mama akanikamata na sahani katikati ya ua. Akaniambia kwamba kama nina chakula cha kugawa, ninacho pia cha kujipikia. Nikarudisha.

Fedha zilipoingia, baba alihamia kibanda cha chai njia panda, akawa anakula maandazi asubuhi, mchana na jioni, na kuwaagizia watu ambao hajui hata majina yao. Zilimtosha wiki tatu. Mama alinunua godoro. Akalala mpaka jua likatoka, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Akakodi robo eka kwa mzee wa ng'ambo ya kijito, karatasi ikaandikwa kwa jina lake, akapanda vitunguu. Aliacha kulima mashamba ya watu. Siku moja nilimkuta ameketi kizingitini hafanyi kitu chochote, mikono imelala tu mapajani, nikamuuliza kama anaumwa.

Miezi miwili ilipotimia Dada wa Kishikwambi akarudi kuhakiki kabla ya malipo ya pili. Baba alikuwa amepungua, suruali yake nilikuwa nimeibana mara mbili. Hakusubiri kuulizwa. Alivaa koti lake la misibani, akasimama katikati ya ua, akatangaza kwamba yeye na mwenzake wamepatana, Mungu ni mwema, na sasa waandikwe chungu kimoja.

"Mkiwa chungu kimoja, malipo yanakuwa fungu moja," Dada akasema. "Mnajua?"

"Tunajua."

"Na yanaingia simu moja."

"Ya mkuu wa kaya," baba akasema, akirekebisha kola.

Nilimtazama mama. Malipo matano yalikuwa bado, vitunguu vilikuwa vimetoa majani urefu wa kidole, na kodi ya shamba alikuwa amelipa nusu tu. Yote hayo yangeondoka kwa mguso mmoja wa kidole cha yule dada. Kwa upande mwingine, akikataa, baba angeweza kufungua mdomo na kusema alivyolishwa miaka tisa, na tungefutwa sote. Nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa.

"Mama," Dada akasema, "ni kweli mmepatana?"

Mama alimtazama dada, hakumtazama baba. "Muulize mara ya mwisho kula kwangu ilikuwa lini."

Dada akageuka. Baba akafungua mdomo. Nikamwona akihesabu, akitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake asiupate, kwa sababu tarehe njaa yake ilipoanza aliijua vizuri mno.

"Tangu siku ile ulipokuja," akasema kwa sauti ndogo. "Sijala kwake tena."

"Basi ni vyungu viwili," Dada akasema, akagusa kishikwambi, akaaga.

Baba alibaki pale uani na koti lake. Sikumcheka. Nilitaka kumcheka, nilikuwa nimejiandaa kabisa, lakini uso wake haukuwa na pa kuchekea.

Mama akaingia jikoni, akabandika maharage, akakaanga vitunguu vyake vya kwanza, vilivyong'olewa kabla ya wakati kwa uroho wetu wawili. Harufu ilivuka ua bila kusaidiwa na mtu. Tulikuwa tumeshaketi kula niliposikia nyayo. Hazikuwa nyayo za mtu anayepita. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama, na baba akakohoa. Niliinuka kumuuliza anataka nimfikishie nini.

"Kaa," mama akaniambia.

Nikakaa. Baba aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, mlango ule aliutia bawaba mwenyewe.

"Hodi," akasema.

Mama hakugeuka. "Nani?"

"Mimi. Naomba chakula, mama watoto. Sijui kupika."

Mama alinyanyuka, akachukua sahani, akapakua. Akanipita mimi niliyekuwa nimeshanyoosha mikono kwa mazoea, akaenda mpaka mlangoni, akampa mwenyewe.

"Leo kipo," akamwambia. "Kesho utabisha tena."

Baba akasema atabisha.